Baridi, Joto na Bafu la Mzee Muli

Miezi ya kwanza baada ya kuacha kazi sikuweza kuingia nyumba ya mtu kama mgeni wa kawaida. Kabla sijaketi nilikuwa nimeshatazama ukutani kuona kama kiyoyozi kimefungwa sawasawa. Kabla sijajibu habari za nyumbani nilikuwa nimeshasikiliza friji ya jikoni inavyonguruma. Tulipoenda matanga kwa jamaa zetu, dada yangu alinifinya mkono akaninong'oneza, "Mwende, umekuja kulia ama umekuja kazi?" Nilikuwa nimeinama nyuma ya friji ya wafiwa.

Sasa nimetulia. Friji za watu zinanguruma zikitaka, mimi nakunywa chai. Ninaandika haya kwa sababu mafundi wadogo wa Kitui na Makueni, wale tuliokuwa tukikutana dukani tukichagua mabomba ya shaba, wameniomba niwaachie kitu cha kusoma. Mambo ya vyeo na malipo sitayagusa, maana hayajawahi kupoza chumba cha mtu. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifunza, na siku ile kule mlimani ambayo hadi leo nikiikumbuka lazima nivute pumzi ndefu.

Nilitoka chuo cha ufundi nikiwa najua umeme wa kwenye karatasi. Karakana iliyonichukua ilikuwa mjini Kitui, mtaa wa nyuma karibu na msikiti, na mwenyewe alikuwa Mzee Athumani. Babu zake walitoka pwani wakaja kufanya biashara wakabaki, na yeye alizaliwa Kitui, akazeeka Kitui, lakini Kiswahili chake kilikuwa laini hadi changu kando yake kilisikika kama mtu anapasua kuni. Siku ya kwanza sikuulizwa cheti. Aliniangalia kutoka juu ya miwani yake akasema, "Binti, waogopa mjusi?"

"Siogopi."

"Basi ingia."

Nilidhani ni mzaha wa wazee. Kabla ya saa sita tulikuwa nyumbani kwa mteja, na Mzee Athumani ananionyesha ndani ya kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi. Kati ya vile vyuma viwili vinavyogusana ili stima ipite, mjusi alikuwa amelala amekauka kama omena. Hupenda joto la mle ndani, hujipenyeza, na siku moja chuma kinapofunga yeye huwa katikati. Kiyoyozi kinazimika, na mwenye nyumba anafikiri mashine imekufa. "Huyu," Mzee Athumani akasema akimtoa kwa koleo, "ndiye mteja wetu mwaminifu." Jifunzeni hapo, vijana. Kabla hamjamwambia mtu anunue mashine mpya, tafuteni mjusi.

Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kuosha vichujio vya vumbi nyuma ya karakana. Vumbi la Kitui ni jekundu na lina bidii kuliko fundi yeyote. Nilinung'unika moyoni, nikajiona nimesomea bure. Sikujua kwamba nilikuwa nasomeshwa. Kichujio kikiwa na mafuta, ujue jikoni wanakaanga mlango ukiwa wazi. Kikiwa na manyoya, paka analala kitandani hata kama mama wa nyumba anakataa. Kikiwa na majivu, kuna jiko la makaa linaingizwa ndani. Baada ya hapo ndipo Mzee Athumani alinipa geji zake za kupimia gesi nizishike, kwa mikono miwili, kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

Alikuwa na desturi moja iliyoniudhi. Hakugusa skrubu yoyote kabla hajauliza, "Nyumba hii imebadilika nini tangu kitu hiki kilipokuwa kizima?" Angeuliza hata kama moshi unaonekana. Tulienda kwa mama mmoja muuza maziwa, friji yake haigandishi tena. Mimi tayari nimefungua sanduku la vifaa. Yeye akaketi, akapewa chai, akauliza swali lake. Mama akafikiri, akasema hakuna kilichobadilika, ila tu alishona pazia zuri la kufunika mgongo wa friji kwa sababu ni mbaya kutazama. Mzee Athumani alimsifu kwanza kwa mshono. Kisha akaomba ruhusa, akalitoa pazia, akaisogeza friji mbali kidogo na ukuta, akaendelea kunywa chai. Tukingoja hapo, barafu ikaanza kushika. Mama alicheka mpaka machozi, na pazia likaenda dirishani, mahali lilipokuwa linahitajika.

Miaka ilipoendelea watu walianza kujenga nyumba za kudumu pembezoni mwa miji, Kitui, Mwingi, Wote, zile zenye geti na tangi la maji juu ya paa, na kazi ikatupeleka mbali.

Kule Kyuso mfanyabiashara wa ng'ombe aliniita akasema kiyoyozi chake kinapuliza joto. Nilizunguka nyumba kutafuta kile kisanduku cha nje nisikione. Nikaona kijumba cha matofali, kina paa la mabati, mlango wa chuma na kufuli.

"Hiki ni choo cha nani?" nikamuuliza.

"Choo? Hapo ndipo AC inakaa. Wezi wa hapa hawalali."

Alifungua kufuli, na joto lililotoka mle ndani lilinirudisha nyuma. Mashine ilikuwa inatoa joto la chumbani, inalipuliza ukutani, inalivuta tena. Nilimwambia, "Mzee, ng'ombe wako ungemfungia humu saa sita mchana?" Akaniangalia kama nimemtukana. Jioni hiyo kisanduku kilikuwa kimepandishwa ukutani chini ya upenu, kimezungushiwa wavu wa chuma, na kile kijumba kikapewa kuku. Nasikia kuku nao walikikataa.

Na Kiboko kulikuwa na dereva mstaafu, Mzee Ndeti, ambaye kiyoyozi chake kilikuwa kimeingiwa na nyuki. Mnajua Kiboko ilivyo na joto. Nilimwambia nitaleta mtu wa moshi awafukuze kisha nisafishe. Akakataa katakata. "Hao walikuja wenyewe, sikuwaita. Mimi ni Mkamba, mtu wa mizinga, nifukuze nyuki kwa sababu ya jasho?" Alitundika mzinga karibu, akautia nta ndani, akangoja wahame. Wakati wote huo alilala barazani na mkewe akalala barazani akiwa amenuna. Nyuki walihama kwa wakati wao. Nilipoenda kusafisha nilipewa chupa ya asali, nami niliila nikijua ilianzia wapi.

Nawachekesha kwa sababu kazi yetu ni hiyo zaidi, mijusi, mapazia na nyuki. Mtu anaweza kufanya kazi hii hadi uzee akifikiri kosa kubwa kuliko yote ni chumba kubaki na joto. Hata mimi nilifikiri hivyo.

Mzee Athumani alikuwa ameshapumzika kazi, macho yakiwa yamemchoka, na karakana ilikuwa mikononi mwangu, nilipoanza kuitwa milimani upande wa Makueni. Watu wa tambarare wanalia joto, lakini kule juu mwezi wa saba ukungu haupandi hadi mchana na vidole vinauma. Wale waliojengewa nyumba nzuri na watoto wao walio Nairobi hawakutaka kiyoyozi. Walitaka maji ya moto. Stima kule ilikuwa ya kubahatisha, kwa hiyo wengi walifungiwa hita za gesi, zile ndogo za ukutani ambazo ukifungua maji, moto unawaka wenyewe.

Simu ilitoka kwa Mzee Muli. Alikuwa mkulima, amestaafu uzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Hita ya bafu lake ilikuwa inazimikazimika na imeanza kuweka weusi ukutani. Alinieleza nyumba ilipo, nami nikaanza safari mapema nikafika kabla ya saa nne asubuhi.

Mkewe alinipokea. Pale nyumbani wote walimwita Susu, yaani nyanya, na alikuwa amemshika mjukuu wake mchanga amefungwa kwenye blanketi la manjano. Mama wa mtoto, Mumbua, mke wa mwana wao, alikuwa amekuja kukaa nao baada ya kujifungua ili apate kusaidiwa.

"Karibu fundi," Susu akasema. "Keti unywe chai. Mumbua yuko bafuni anaoga. Akimaliza ataniita nimpelekee huyu naye aoshwe na maji yakiwa bado moto. Halafu bafu ni lako."

Niliketi. Chai ilikuwa nzuri, ya maziwa na tangawizi. Susu alikuwa anapenda kuongea. Akaniambia Mumbua hajapata nafuu vizuri tangu azae. Kichwa kinamuuma kila siku, anatapika, anasikia kizunguzungu. Wametumia dawa za presha, wanawake wa kanisa wamekuja kumwombea. Cha ajabu, alipoenda kwao kuona wazazi wake alikaa huko vizuri kabisa, na aliporudi hapa kichwa kikarudi. Susu akashusha sauti. "Kuna majirani wanasema nyumba hii ina macho ya watu, macho ya husuda."

Nikamuuliza Mzee Muli, kwa mazoea tu, si kwa sababu nimeshuku chochote, "Mzee, tangu hita ilipokuwa nzuri, nyumba hii imebadilika nini?"

Alifikiri. "Hakuna. Ila nilipoambiwa mtoto anakuja, niliziba yale matundu ya juu ya bafu. Na dirisha nikaliwekea nailoni. Baridi ya hapa inaua watoto."

Nilikuwa bado nimeshika kikombe. Kutoka pale nilipoketi, mlango ukiwa wazi, ningeweza kuona ukuta wa nje wa bafu. Ulikuwa umepakwa rangi vizuri, na haukuwa na kitu chochote kilichotoka.

"Mzee, bomba la moshi la hita linatokea wapi?"

"Moshi gani? Hiyo si kuni, fundi. Ni ya gesi. Haina moshi."

Sikumbuki nilikiweka wapi kikombe. Nilimwuliza Susu, "Mumbua ameingia saa ngapi?" naye akaanza kufikiri, kisha sura yake ikabadilika, kwa sababu aliona vile angekuwa ameshaitwa zamani. Tulinyamaza wote tukasikiliza. Maji yalikuwa yanamwagika bafuni, mfululizo, hayakatizwi na mkono wa mtu.

Niligonga mlango. "Mumbua! Mumbua, fungua!" Hakuna jibu. Ulikuwa umefungwa kwa ndani na komeo.

"Mzee, vunja!" nikapiga kelele, na mimi nikakimbia nje kuzunguka nyumba kufunga mtungi wa gesi. Mkono wangu uliteleza kwenye ile valvu mara ya kwanza. Nilipoifunga nikachukua jiwe nikapiga dirisha la bafu, nailoni pamoja na kioo, mvuke ukatoka juu ya uso wangu. Ndani nikasikia Mzee Muli na mpini wa jembe akipiga mlango, akipiga akiita jina la Mungu kwa Kikamba, "Ngai! Ngai!" hadi mbao zikaachia.

Niliporudi ndani alikuwa ameshamshika chini ya mabega. Nilimrushia kitenge changu kumfunika, nikashika miguu, tukamtoa hadi uani kwenye majani. Alikuwa mzito kama mtu aliyelala usingizi wa mwisho. Macho yake yalikuwa nusu wazi na hayakuangalia mtu. Susu alisimama mlangoni na mtoto, hatikisiki, midomo tu inatembea.

Kuna upepo huwa unapanda kutoka bondeni kule. Asubuhi hiyo ulipanda. Nilimgeuza Mumbua ubavu, nikampigapiga mgongo, nikamwita jina lake kama naita mtu ng'ambo ya mto. Sikuwa daktari. Nilijua tu kwamba anahitaji hewa na kwamba hewa iko hapa, ya bure, nyingi kuliko tunavyoweza kuimaliza. Akakohoa. Kisha akatapika kwenye viatu vyangu, na sijawahi kupokea zawadi niliyoifurahia hivyo.

"Mtoto," akasema. Ndilo neno la kwanza. "Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na mimi," Susu akajibu, akaketi chini mlangoni na blanketi la manjano kifuani. "Hukuwa umeniita, mwanangu. Nilikuwa nangoja uniite."

Jirani mwenye gari aliletwa mbio, tukampeleka Mumbua hospitali, madirisha yote yamefunguliwa na baridi inatupiga. Alipewa oksijeni na akalazwa. Daktari alipotuambia atapona, na kwamba mtoto hana tatizo, Mzee Muli alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya tangi la maji la hospitali. Nilimfuata baada ya muda. Alikuwa analia kimya, kofia mkononi.

"Mimi ndiye niliziba yale matundu," akasema. "Kwa mikono yangu. Nilichanganya simiti mimi mwenyewe."

Nikamwambia, "Mzee, uliziba baridi. Hakuna aliyekuambia kwamba kuna kitu kingine ndani ya hiyo hewa. Hakina harufu wala rangi. Na mlango ni wewe uliuvunja."

Alivaa kofia yake, kisha akaniuliza swali ambalo mimi, na miaka yangu yote, nilikuwa bado sijajiuliza. "Fundi, yule kijana aliyetufungia hita, alifungia watu wengi huku mlimani. Hao wengine je?"

Vijana, nataka msome hapa polepole. Moto wa gesi ukiwa mzuri ni wa bluu. Ukiona umegeuka manjano na ukutani kuna masizi, huo moto unakosa hewa, na kinachotoka hapo ni hewa ya sumu, inaua mtu akiwa anajisikia usingizi tu. Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi haifungwi bafuni. Si kwa mteja mwenye haraka, si kwa rafiki, si kwa siku moja tu. Mtu akiwaambia kichwa kinamuuma nyumbani na kinaacha akitoka, wekeni bisibisi chini na mfungue madirisha.

Kijana aliyezifunga aliitwa Kyalo. Nilipata namba yake kwa Mzee Muli, na nilipompigia nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nilimweleza kilichotokea, nikangoja ajitetee. Akasema tu, "Mama, niko mjini Wote. Nakuja sasa hivi. Nionyeshe."

Alifika na pikipiki, mtu mzima mwenye mke na watoto. Alikuwa amejifunza kufunga hita kwa kutazama mtu mwingine akifunga. Yule mtu mwingine naye sijui alijifunza kwa nani. Nilimpeleka katika bafu lile, nikamwonyesha masizi, matundu yaliyozibwa, mlango ulioanguka. Alishika ukuta. "Yangu nyumbani iko hivi hivi," akasema. "Nimewafungia watoto wangu hiyo." Akatoa simu akampigia mkewe, akamwambia afunge mtungi, afungue madirisha, na asimuulize kitu hadi arudi. Alipokata simu matusi yangu yote yalikuwa yameisha.

Tulianza siku hiyo hiyo. Mzee Muli alitutangulia kwa sababu nyumba zote anazijua, na Jumapili mchungaji alitupa nafasi kabla ya sadaka, nikasimama mbele ya kanisa zima nikaeleza mambo ya bafu. Sijawahi kuona watu wakinisikiliza hivyo. Mama mmoja alinyanyuka katikati ya maneno yangu akatoka mbio kwenda nyumbani, kwa sababu alikuwa amemwacha mwanawe anaoga.

Tulipomfuata tulimkuta mwanawe salama, akilalamika kwamba maji yamegeuka baridi.

Si wote waliotushukuru. Kulikuwa na mjane mmoja, mzee sana, magoti yamekaza kwa baridi yabisi. Nyumba yake ilikuwa ndogo na safi, na bafu lake lilikuwa baya kuliko yote, masizi hadi kwenye dari. Alisimama mlangoni akatandaza mikono.

"Hamtoi. Mwanangu alininunulia. Maji haya ndiyo yananiinua kitandani asubuhi. Mkiyatoa mtaniachia nini?"

"Mwaitu, yatakuua," nikamwambia, nikimwita mama kwa Kikamba kama anavyostahili.

"Na baridi je? Yenyewe haiui?"

Nilimwangalia Kyalo, naye akaniangalia. Yule mama alikuwa na haki yake. Kumwambia mtu hatari na kumwachia bafu baridi ni nusu ya kazi. Tulikaa hapo. Kyalo alitoboa ukuta, mimi nikakata na kuunganisha mabomba, tukaihamisha hita nje chini ya upenu, tukaijengea kibanda chepesi kilicho wazi pande mbili, bomba la moshi limesimama juu yake. Hita yenyewe tuliisafisha mpaka moto ukawa bluu kama ua. Jua lilikuwa linazama tulipomwambia ajaribu. Aliingia akafunga mlango. Sisi wawili tulisimama nje kwenye tope tukisikiliza, tukimwita kila mara, "Mwaitu, uko sawa?" hadi akakasirika.

"Niacheni nioge!"

Kyalo alicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia kicheko chake. Yule mama alitoka uso umelainika, amejifunga leso, akatushika kwa mikono yote miwili. "Ni muvea," akasema, asanteni. "Sasa nendeni, mmenichosha."

Hivyo ndivyo tulivyozunguka mlima wote. Hita nyingine tulizihamisha, nyingine zilikuwa zimeoza kwa kutu tukashauri wenyewe waweke za jua juu ya paa. Hatukukuta nyumba yenye kilio. Kila jioni nilipolala nilijiambia maneno hayo, hatujakuta nyumba yenye kilio, na usingizi ulikuja. Mumbua alirudi nyumbani, kichwa kikapona, akaacha kuogopa macho ya majirani. Mtoto yule leo anaenda shule na hana habari kwamba kuna watu wanamwangalia akipita wanataka kumkumbatia tu.

Kyalo alibaki na mimi. Nilimfunza vile nilivyofunzwa, nikaanza na kuosha vichujio, naye alinung'unika ipasavyo. Sasa yeye ndiye mwenye karakana. Akifunga hita siku hizi huwa anaweka mkono mbele ya kila tundu la hewa, moja baada ya jingine, kuhakikisha, na mwenye nyumba akiuliza sababu humketisha chini amweleze yote. Wateja wengine wanamwona ana maneno mengi. Aendelee nayo.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Ikutha, msimu wa jua kali. Mama mmoja mwenye duka la nguo, anaitwa Bi Zainabu, alitaka kiyoyozi chumbani kwa mamake aliyekuwa mgonjwa. Yule bibi alikuwa amekonda, na joto lilikuwa limemnyima usingizi hadi akawa anaweweseka mchana, anaita watu waliokufa zamani. Bi Zainabu mwenyewe macho yalikuwa mekundu. Alikuwa akimpepea mamake kwa upepeo wa ukili na mkono haukuwa na nguvu tena.

Nilifanya kazi bila haraka. Nilitoboa ukuta kwa vipindi ili kelele isimtese, nikapima kila kiungo kwa povu la sabuni kisivuje, nikakiwasha kiyoyozi. Nilikipunguza kisimpige usoni, nikakielekeza ukutani ili baridi ishuke taratibu. Kisha nikapiga magoti kukusanya vifaa, mgongo ukiniambia kwamba umeshatosheka na kazi hii.

Nilipogeuka, yule bibi alikuwa amelala. Mdomo wazi kidogo, mkono umeanguka juu ya shuka, anapumua kwa mpangilio kama mtoto aliyeshiba. Bi Zainabu alikuwa bado anapepea bila kujua kwamba hahitaji tena. Nilimshika mkono nikausimamisha. Akamtazama mamake, akafunika mdomo kwa mtandio.

Nilifungua midomo niage, kwa sababu ilikuwa siku yangu ya mwisho na nilikuwa nimejiandalia maneno. Bi Zainabu akatikisa kichwa haraka.

"Usiage," akaninong'oneza. "Ataamka."

Basi sikuaga. Nilivua viatu, nikabeba sanduku la vifaa kifuani ili vyuma visigongane, nikatoka kwa ncha za vidole, nikaufunga mlango polepole hadi ukashika. Nje jua lilikuwa linachoma. Feni ya kile kisanduku cha nje ilikuwa inazunguka vizuri, bila mtetemo, inapuliza uani joto lote lililokuwa mle ndani. Nilisimama mbele yake peku, joto la chumba cha yule bibi likinipiga miguuni, hadi niliposikia Bi Zainabu naye ameanza kukoroma.